Aliyevaa kofia naye alipwe

Jumamosi iliyopita nilipanda matatu Meru mjini, nikapita Nkubu, Chuka na Runyenjes hadi Embu, kukutana na mabeshte wanne. Sote watano hatukuwa tumekaa meza moja tangu kidato cha pili. Sababu ya mkutano? Power Rangers. Cheka, lakini soma kwanza.

Enzi hizo tulijitengenezea Power Rangers yetu ndani ya shamba la kahawa, kwa simu ya mamangu. Kofia tulikata kwa mitungi ya plastiki. Video ilikuwa ya dakika nne hivi na ilizunguka shule nzima kwa Bluetooth. Mimi mshika simu nikapata sifa. Nyekundu, aliyekuwa na maneno yote, akapata mademu. Lakini aliyeruka kutoka juu ya mparachichi mara sita, hadi akateguka mkono, hakuna aliyemtambua. Uso ulikuwa ndani ya mtungi. Tulimwita Nyeusi, na hadi leo ndilo jina lake.

Basi huko Embu tukaagiza chapo na madondo, tukawasha Once & Always, filamu ambayo Netflix ilitoa 2023 kuadhimisha miaka 30 ya Power Rangers. Walter Jones na David Yost wamerudi, sasa ni wazee wa heshima. Mwisho wanakumbukwa Thuy Trang, aliyefariki kwa ajali ya barabarani 2001, na Jason David Frank, aliyetuacha 2022. Chumba kilitulia. Nyeusi ndiye aliyevunja kimya: "Na wale Wajapani je?"

Swali zito hilo. Vita vingi tulivyoshangilia kwenye msimu wa kwanza wa 1993 havikupigwa na hao Wamarekani. Vilikatwa kutoka Zyuranger, kipindi cha kampuni ya Toei kilichoonyeshwa Japani mwaka wa 1992. Ndiyo maana rangi ya waridi ana sketi na ya manjano hana: kule Japani, manjano alikuwa mwanamume! Tumekua tukijua majina ya waliovua kofia. Waliotoka jasho ndani yake hatukuwahi kuyauliza.

Japani wenyewe angalau wamejaribu. Ultraman ilipoanza 1966, aliyekuwa ndani ya lile vazi ni Bin Furuya. Amewahi kusimulia kwamba alikaribia kuacha kazi, kisha akiwa ndani ya basi akasikia watoto wakimzungumzia Ultraman kwa furaha, akageuza nia. Mwaka uliofuata, kwenye Ultraseven, akapewa nafasi ya kuigiza kwa uso wake mwenyewe. Mashabiki wangali wanamjua kwa jina.

Sisi huku hata mwenye uso tunamsahau. Mzee Ojwang wa Vitimbi alijulikana kila boma lenye televisheni, lakini macho yalipomsumbua ilibidi Wakenya wachange. Alifariki Julai 2015. Kama ni hivyo kwa Mzee Ojwang, mshika taa ana nafasi gani? Mwenye kuanguka badala ya staa je?

Nilikuwa nimeanza kuhutubia hivyo pale mezani, chapo mkononi, Nyeusi akanikata. "Ile video ya duka la simu mwaka jana, ile niliruka kutoka kwa pikipiki. Ulilipwa ngapi?"

Nilitaka kukohoa. Tangu niache chuo nimeishi kwa kurekodi ruracio, harusi na matangazo madogo kati ya Meru na Embu, na nimelia sana kuhusu wateja wanaotaka kunilipa kwa "kukutangaza". Kumbe kazi hiyo nililipwa elfu sita, Nyeusi nikamnunulia lanchi. Tena sikuweka jina lake mwishoni. Langu niliweka, kubwa.

Kwa hivyo wasee wa kamera, na ninajihesabu wa kwanza: tukubaliane pesa kabla ya kurekodi, na iandikwe, hata kama ni WhatsApp. Jina la kila aliyefanya kazi liwekwe mwishoni, awe ameonekana ama hajaonekana. Tusingoje sheria wala serikali kwa jambo la simu mbili na dakika tano. Na yeyote atakayesema bajeti ni ndogo, kwanza ahesabu aliyobaki nayo yeye.

Nikirudi, kabla ya kufika Runyenjes, nilimtumia Nyeusi elfu mbili kwa M-Pesa. Akajibu neno moja: "Bado."