UCHAMBUZI: Kuziba Bila Kuchimba, Njia ya Kuokoa Magego ya Utoto Mkoani Simiyu

Jino la mtoto linapoanza kutoboka, wazazi wengi huliacha kwa hoja moja: ni jino la utoto, litang'oka lenyewe. Kwa meno ya mbele hoja hiyo ina ukweli, kwa kuwa huanza kung'oka mtoto anapokaribia miaka 6. Kwa magego hali ni tofauti. Magego 8 ya utoto hukaa kinywani hadi mtoto anapofikisha umri wa miaka 10 hadi 12. Mtoto ambaye gego lake linaoza akiwa na miaka 4 bado analihitaji kwa miaka 6 au zaidi.

Gego hilo ndilo linalosaga chakula chake na kulinda nafasi ya jino la ukubwani litakalofuata. Likioza hadi kwenye kiini, mtoto hukosa usingizi na hamu ya kula, na huweza kukosa masomo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya Novemba 2022 inakadiria kuwa watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza.

Jambo lisilofahamika sana ni kwamba mojawapo ya njia za kukabiliana na tatizo hilo ilianzia hapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Jo Frencken kutoka Uholanzi na wenzake waliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikabiliwa na swali gumu: jino litazibwaje mahali pasipo na umeme wala mashine ya kuchimbia? Jibu lao lilikuwa vifaa vya mkono. Sehemu laini iliyooza hukwanguliwa, kisha tundu huzibwa kwa simenti ya glasi ayonoma, ambayo hushikamana na jino na kutoa madini ya floridi. Mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani iliyobeba ujumbe wa afya ya kinywa, WHO iliitangaza njia hiyo kwa mataifa yote.

Tangu wakati huo njia nyingine mbili zimepata ushahidi wa kutosha. Ya kwanza ni dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floridi, ambayo hupakwa kwenye tundu kwa brashi ndogo mara moja au mbili kwa mwaka. Tafiti zinaonesha kuwa husimamisha uozo katika takribani matundu 8 kati ya 10. Ya pili ni kofia ndogo ya chuma, iliyoasisiwa na daktari Norna Hall wa Scotland, ambayo hubandikwa juu ya gego bila kuchimba. Uozo uliofunikwa hukosa chakula na kusimama. Katika utafiti uliofanyika huko kwa miaka 5, ni magego 3 kati ya 100 yaliyofunikwa hivyo yaliyopata madhara makubwa, ikilinganishwa na takribani 17 kati ya 100 yaliyotibiwa kwa kawaida.

Kwa Mkoa wa Simiyu, njia hizi zina maana ya pekee. Mkoa huo ulioanzishwa mwaka 2012 ulikuwa na wakazi zaidi ya milioni 2.1 katika Sensa ya mwaka 2022, wengi wao wakulima na wafugaji wanaoishi vijijini. Mzazi wa Meatu au Itilima anayelazimika kusafiri na mtoto hadi Bariadi kwa ajili ya jino hupoteza siku ya kazi na nauli, hivyo husubiri mpaka maumivu yamzidi mtoto. Vifaa vya mkono na chupa ya dawa huingia kwenye mkoba mmoja. Tabibu wa meno anaweza kuvipeleka kwenye kituo cha afya au shule, kama chanjo zinavyowafuata watoto vijijini.

Hata hivyo, njia hizi zina mipaka. Jino linalouma lenyewe usiku, au lenye uvimbe na usaha kwenye fizi, limekwisha kuathirika kiini. Kulifunika si tiba, na mara nyingi kung'oa ndiko kunakobaki. Dawa yenye madini ya fedha huacha weusi wa kudumu palipooza, hivyo mzazi anapaswa kuelezwa na kuridhia kabla ya kupakwa. Simenti nayo hudumu zaidi kwenye tundu la upande mmoja wa jino kuliko kwenye uozo ulioenea pande mbili. Muda ndio unaoamua: tundu dogo lina njia tatu za kutibiwa, jipu halina hata moja kati ya hizo.

Kwa upande wa sera, mwelekeo uko wazi. Mwaka 2021 WHO iliingiza simenti hiyo, dawa hiyo na dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu. Hata hivyo, orodha peke yake haizibi jino. Vifaa vinapaswa kuonekana katika mipango na bajeti za halmashauri, na elimu kumfikia mzazi mapema, ikiwemo kwenye kliniki za mama na mtoto. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo inalenga kumwondolea mwananchi hofu ya gharama, ambayo huchelewesha matibabu.

Wajibu wa kwanza unabaki nyumbani. Mtoto apigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3 na cha punje ya njegere baada ya hapo, na vitu vya sukari vipunguzwe. Mzazi amfungue mtoto kinywa na kuyakagua magego kila mwezi. Afahamu pia kuwa gego linaloota nyuma kabisa mtoto anapofikisha takribani miaka 6 ni la ukubwani, na likipotea halirudi. Doa jeupe, la kahawia au tundu dogo lisilouma ni sababu tosha ya kwenda kituo cha afya, kwa kuwa huo ndio wakati ambao jino bado linaweza kuokolewa bila kuchimba.