Mwandishi Nyuma ya Pazia

Watu walijipanga mlangoni pa jumba la michezo mjini London, wala hawakujua ya kuwa mmoja wao amekwisha kuchomwa kisu mgongoni. Ndivyo inavyoanza The Man in the Queue, hadithi ya upelelezi ya mwaka 1929. Mtungaji alijiita Gordon Daviot, jina la kiume. Kumbe ni Elizabeth MacKintosh, mwanamke wa Inverness, Uskochi. Mwaka 1933 mchezo wake juu ya Mfalme Richard wa Pili, Richard of Bordeaux, ulijaza watu katika New Theatre, ukamletea John Gielgud sifa kubwa. Mwenyewe hakupenda kutazamwa.

Mwaka 2008 Nicola Upson alimtia katika riwaya, An Expert in Murder. Ni Machi 1934, na mchezo huo umo katika siku zake za mwisho. Mtungaji asafiri kwa gari la moshi kwenda London. Msichana aliyezungumza naye njiani auawa mara wafikapo. Damu ni kidogo, fumbo ni refu, na mambo ya nyuma ya pazia yapendeza kuliko uuaji wenyewe.

Lakini je, ni haki kumwingiza marehemu mpenda faragha katika mauaji ya kubuni? Gielgud amepewa jina jingine kitabuni. Mwanamke huyo aitwa Josephine Tey, jina ambalo MacKintosh alianza kulitumia vitabuni mwaka 1936, miaka miwili baada ya mambo yanayosimuliwa. Upson amelivika mwili jina la kubuni. Elizabeth amemwacha Inverness.