Mwarobaini wetu unakufa njaa!

Mwenzenu wiki hii sina raha. Mwarobaini wa uani kwetu, kijiwe chetu cha bao na umbea, umebanduliwa gome kuzunguka shina, eti dawa ya malaria!

Kwanza nilijipa moyo, majani si bado ya kijani? Kumbe bwana, maji kutoka mizizini hupanda kwa ndani, kwenye mbao zenyewe, kwa hiyo majani yanakunywa kama kawa. Msosi ndio wenye kasheshe. Majani yakishapika sukari kwa jua, maji na hewa ya kaboni, sukari hiyo huteremka kwa gome la ndani, lile laini lenye unyevu. Likikatwa duara zima, mizizi inabaki kula akiba. Ikiisha, kwaheri. Inaweza kuchukua miezi, hata mwaka na zaidi. Ndiyo maana mbanduaji hashtakiwi!

Jana nikaukagua tena. Jamani, upande wa bafuni kuna kipande cha gome kama vidole vinne, kizima kabisa, kutoka juu hadi chini! Nimekizungushia miiba. Mwenye homa akapime hospitali.