Kiwanja Kwanza au Daktari Kwanza? Maoni Kuhusu Wazee Wanaorejea Kurasini

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia inawafaa watu wa Kurasini, kata ya Wilaya ya Temeke inayopakana na bandari ya Dar es Salaam, ambako vijana wengi walikua wakisikia honi za meli na kuota safari. Baadhi yao walisafiri kweli. Sasa, baada ya miaka thelathini au arobaini ya kazi Ulaya, wamefikia umri wa kustaafu na wanajiuliza: uzee uishie Birmingham kwenye baridi, au nyumbani penye jua na ndugu?

Chukua mfano wa wanandoa wa aina hiyo. Mume ana miaka 70, alizaliwa Kurasini, na huko Uingereza alikuwa dereva wa basi. Mke ana miaka 67, asili yake ni Tanga, na kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wasiojiweza. Wamepanga kwanza kuja miezi sita kila mwaka ili kuikwepa baridi, kisha kuhamia moja kwa moja. Mezani pao upo mchoro wa nyumba, ipo bei ya kiwanja cha Kigamboni, na ipo ratiba ya ndege. Hakuna karatasi hata moja inayohusu afya, ilhali mume anajidunga insulini kila siku, na mke ana moyo unaodunda bila mpangilio na anatumia warfarini ili damu isigande na kumletea kiharusi.

Mume husema kwamba nyumbani hakuna upweke. Mke huuliza: usiku wa manane moyo ukianza kwenda mbio, atapigiwa nani simu? Maoni ya makala hii ni kwamba swali la mke ndilo linalopaswa kutangulia, na kwamba watumishi wa afya wa Temeke na kwingineko wana wajibu wa kulijibu mapema kuliko wanavyofanya sasa.

Ndoto ya kuzeekea penye jua si ya Watanzania peke yao. Waingereza wengi hupiga hesabu hiyohiyo kuhusu Thailand, nchi inayotoa viza ya mstaafu kuanzia umri wa miaka 50 kwa anayeonyesha akiba ya baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Nao huvutwa na joto, gharama nafuu na hospitali nzuri za binafsi. Nao pia hukwama pale pale: kadiri umri unavyopanda, bima ya afya huwa ghali au hukataa kabisa kugharamia maradhi ambayo mtu tayari anayo. Zaidi ya hayo, pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa popote mstaafu alipo, lakini kwa anayehamia Thailand, Kenya au Tanzania haipandishwi kila mwaka kama inavyopandishwa kwa aliyebaki. Kiwango alichoanza nacho ugenini ndicho atakachobaki nacho. Dawa itapanda bei. Pesa ya kuinunulia itasimama.

Lipo na kosa la pili. Wengi huamini kwamba pasipoti ya Uingereza ndiyo kadi ya matibabu, kwamba ugonjwa ukizidi watapanda ndege na kutibiwa bure. Haki ya kutibiwa bure katika hospitali za umma za Uingereza hufuata makazi, haifuati pasipoti wala miaka mtu aliyokatwa kodi. Aliyehama moja kwa moja anaweza kurudi na kuandikiwa ankara ya upasuaji. Na hata kama asingeandikiwa, mtu aliyepatwa na kiharusi hana saa kumi za kusubiri ndege.

Huku nyumbani nako kuna lango la kupita. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo aliyechukua uraia wa Uingereza hurudi kisheria kama mgeni. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba mzee anaweza kupanga foleni ya kibali katika ofisi ya Uhamiaji ya Kurasini, mwendo mfupi kutoka mahali alipozaliwa. Marekebisho ya sheria yaliyopitishwa bungeni mapema mwaka 2025 yalifungua njia ya hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, na hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, kibali cha kukaa si bima ya afya. Mstaafu aliyefanya kazi hapa nchini na kuchangia mfuko wa bima hufika kliniki na kadi; aliyechangia ugenini hufika na mkoba tu. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, mstaafu anayerejea anapaswa kuuliza nafasi yake katika mpango huo kabla ya kuuza nyumba yake ya Uingereza, si baada ya hapo.

Hayo ni ya makaratasi. Ya mwili ni mazito zaidi, na hapa watumishi wa afya hawana budi kusikiliza kwa makini.

La kwanza ni homa. Mtu aliyekulia Dar es Salaam hupenda kusema kwamba malaria haimtishi. Alipokuwa kijana alikuwa na kinga kiasi, iliyojengwa kwa kuumwa mara kwa mara, lakini kinga hiyo hufifia mtu akiishi miaka mingi pasipo malaria. Mzee aliyerejea anaweza kuugua vibaya kama mgeni yeyote. Alale ndani ya chandarua, na homa ikimpata apimwe siku hiyohiyo. Lakini si kila homa ni malaria. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na dengi kwa mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda ni hatari ya kutokwa na damu. Kumpa mgonjwa huyo diklofenaki kwa sababu viungo vinamuuma ni kuongeza kuni kwenye moto.

La pili ni warfarini yenyewe. Dawa hii huhitaji kipimo cha damu mara kwa mara, kwa sababu ikizidi damu huvuja na ikipungua damu huganda. Mke huyo akirudi atakula alichokikosa kwa miaka: kisamvu, matembele, mchicha, karibu kila siku. Mboga hizo zina vitamini K kwa wingi, nayo hupunguza nguvu ya warfarini. Haina maana aziache, kwani ni chakula bora. Maana yake ni kwamba ale kwa kiasi kisichobadilikabadilika, na apimwe mapema baada ya kuhamia ili dozi yake ilinganishwe na chakula chake kipya. Siku tumbo likichafuka, jirani atamshauri anunue metronidazoli katika duka la dawa la mtaani. Dawa hiyo huongeza nguvu ya warfarini kwa kiwango cha kutisha. Muuzaji akiuliza swali moja tu, “Mama, kuna dawa nyingine unazotumia?”, anaweza kuokoa maisha.

La tatu ni joto. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyofunguliwa hudumu takriban wiki nne, aina nyingi zikitakiwa zisizidi nyuzi 30. Kati ya Desemba na Machi chumba cha kawaida cha Kurasini huvuka hapo mchana. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, mtungi wa udongo wenye maji, ukiwekwa kivulini penye upepo, husaidia zaidi kuliko jokofu lililozimika. Safarini insulini ikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu inaweza kuganda katika sehemu ya mizigo ya ndege, na iliyoganda haifai tena.

Baada ya mwili kuna moyo wa kibinadamu. Mume anaikumbuka Kurasini ambayo haipo tena. Nyumba nyingi zimepisha upanuzi wa bandari na maghala, na tangu mwaka 2016 Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, linapita juu ya maji aliyovuka utotoni kwa mashua. Rafiki zake wamehamia Mbagala na Chamazi, au wamekwisha tangulia mbele ya haki. Zaidi ya hayo, mstaafu anayerudi na pauni hugeuka benki ya ukoo. Kuna wazee wanaoruka dozi zao kwa kuona haya kumnyima mpwa ada ya shule. Mtumishi wa afya anayeona sukari imepanda asikimbilie kuongeza dawa. Aulize kwanza kama dawa inanunuliwa.

Je, basi wasirudi? Hapana. Mke huyo amewaogesha wazee wa Kiingereza ambao watoto wao waliwatembelea mara moja kwa mwezi, na amewafumba macho baadhi yao bila ndugu hata mmoja chumbani. Anajua mwisho wa huko unavyofanana. Ndiyo maana uamuzi wake ni mgumu, na ndiyo maana hastahili kujibiwa kwa maneno mepesi ya “Mungu atajalia”. Dar es Salaam ina Muhimbili, ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanza kazi mwaka 2015, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Temeke haiko mbali na Kurasini. Mgonjwa wa moyo anaweza kuishi vizuri katika jiji hili, ili mradi achague makazi kwa kuangalia umbali wa hospitali na si mandhari ya bahari peke yake.

Ushauri unaofaa ni kufanya majaribio ya kweli. Wanandoa hawa wasije Desemba, mwezi wa harusi na wageni, ambao hauonyeshi uzee unavyoishiwa. Waje Machi na wakae masika yote, katika matope na foleni za Barabara ya Kilwa. Wajiandikishe kliniki wiki ya kwanza, wapimwe, wanunue dawa zao kwa pesa yao, na waandike gharama katika daftari. Waje na muhtasari wa matibabu yao wenye majina halisi ya dawa, si majina ya kibiashara, kwani kampuni hutofautiana kati ya nchi na nchi. Wamtaje kwa jina ndugu atakayewapeleka hospitali usiku, nao wamuulize kama amekubali.

Kwa upande wao, vituo vya afya vimpokee mzee aliyerejea kama mgonjwa sugu anayehamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine: faili lifunguliwe kabla hajazidiwa, dawa zake zote zikaguliwe, na tarehe ya kurudi iandikwe. Asidhaniwe kuwa anajiweza kwa sababu tu amevaa koti la Ulaya. Utaratibu huohuo utamfaa pia mpakia mizigo wa bandarini anayestaafu Kurasini na kurudi kwao Lindi au Songea, ambaye hana pauni, hana muhtasari, na aghalabu huondoka na dawa za mwezi mmoja bila kuambiwa atapata wapi za mwezi wa pili.