Ala ya Miali: Tuache Kuiga Kinubi, Tujenge Ngoma

Leo tuweke kando habari za programu za simu, tuzungumzie ala ya muziki isiyo na nyuzi, isiyo na ngozi wala vibonye. Wenyewe wanaiita kinubi cha leza. Kwa wale ambao hawajawahi kukiona: unapanga miali kadhaa ya mwanga, na kila mwali unaangukia kihisi, yaani kijidude cha elektroniki kinachojua kama kimemulikwa au kimetiwa kivuli. Ukiukata mwali kwa mkono, kihisi kinaingia gizani, kompyuta ndogo inaligundua giza hilo na kutoa sauti. Hakuna uchawi hapo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mrusi Leon Theremin alitengeneza ala inayopigwa bila kuguswa yapata mwaka 1920, ingawa yake haikutumia mwanga. Kinubi cha leza kilibuniwa na Mfaransa Bernard Szajner mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Mfaransa mwenzake Jean-Michel Jarre akakitembeza duniani, likiwemo tamasha lake kubwa la Houston mwaka 1986. Siku hizo ilikuwa mashine ya matajiri. Tangu kibao cha Arduino kizaliwe Italia mwaka 2005, kijana yeyote wa Meru au Embu mwenye solda na subira anaweza kujijengea yake mezani.

Sasa ubishi wangu. Fungua maelekezo yoyote ya mtandaoni uone: miali saba au minane, do re mi fa so, umemaliza. Kwa nini? Mwali wa mwanga hauna noti. Uzi wa gitaa una noti yake kwa sababu ya urefu na mkazo, lakini mwali haujui chochote, noti yote imo ndani ya programu uliyoandika wewe. Yaani umepewa ala tupu kabisa, uijaze utakavyo, na wewe unaijaza kinanda cha Ulaya! Kinanda cha dukani tayari tunacho, kimejaa makanisani na kwenye harusi zetu, na kinakuja na midundo iliyokwisha kuamuliwa na mtu mwingine mbali huko. Unabonyeza, kinapiga chenyewe. Vijana wanakulia humo wakidhani ndivyo mdundo unavyozaliwa.

Upande huu wa Mlima Kenya tuna kitu cha kuijaza ala hii. Ukitoka Embu kwenda Meru unapita Chuka, na Wachuka wanajulikana Kenya nzima kwa ngoma zao ndefu, zinazobanwa katikati ya miguu zikiwa zimeinama mbele huku mpigaji akicheza nazo. Mimi nasema ala ya miali ya kwetu iwe ngoma. Si kwa sababu ya uzalendo tu (uzalendo haulehemu waya), bali kwa sababu ngoma ni mtihani mgumu zaidi kwa mwandika programu kuliko kinubi.

Nifafanue. Karibu maelekezo yote yanakwambia utumie kihisi cha aina ya LDR, kile cha bei rahisi chenye mstari uliojikunja kama nyoka usoni. Kwa kinubi cha polepole kinafaa. Lakini LDR ni mvivu: mwanga ukikatika huchukua makumi ya milisekunde kujua kwamba giza limeingia. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo utasema hayo ni madogo. Kwa tovuti ni madogo kweli, sisi waandishi wa programu tunawachelewesha watu sekunde mbili nzima na hakuna anayetushtaki. Mpiga ngoma atakushtaki papo hapo.

Mjomba wangu ni mpiga ngoma wa miaka mingi. Nilipompa ala yenye LDR makusudi ili nisikie atasemaje, alipiga mapigo manne tu akasema, "Mjomba, hii inanifuata nyuma." Hajui LDR ni nini. Nilibadilisha vihisi vyote nikaweka fototransista, ambayo hujibu ndani ya mikrosekunde, sehemu za milioni za sekunde. Akapiga tena, akasema sasa imekaribia.

Imekaribia, haijafika! Ndipo unaanza kuwinda. Arduino Uno kusoma kihisi kimoja kwa njia ya analogi ni sehemu moja ya kumi ya milisekunde, hapo hakuna mwizi. Ujumbe wa MIDI, lugha ya ala za elektroniki tangu 1983, unapita kwenye waya kwa takriban milisekunde moja. Mwizi yumo kwenye kompyuta kubwa inayotoa sauti. Kompyuta hukusanya sauti kwenye ghala dogo la muda kabla ya kuitoa. Ghala likiwa la sampuli 1,024, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, umeshachelewa milisekunde 23. Ukilipunguza hadi 128 zinabaki kama 3. Kwa kulinganisha, sauti ya kawaida hewani hutumia milisekunde 10 kusafiri mita tatu na nusu, kwa hiyo hata wapigaji wawili waliosimama mbalimbali husikiana kwa kuchelewa kidogo. Hicho ndicho kiwango: usizidi pale ambapo hewa yenyewe inafika.

Kuna tatizo la pili, na hili ndilo ninalolipenda. Mwali unajua umekatwa au haujakatwa, basi. Haujui kama umepapaswa au umechapwa. Ngoma isiyojua nguvu ya pigo ni kengele ya mlango. Dawa yake ni miali miwili, mmoja juu ya mwingine, umbali wa sentimita mbili. Mkono ukishuka kwa mita mbili kwa sekunde unakata wa juu, kisha wa chini baada ya milisekunde 10. Ukishuka kwa kasi maradufu ni milisekunde 5. Programu inapima muda huo na kuugeuza kuwa nguvu ya sauti. Vinanda vingi vya umeme hufanya vivyo hivyo kwa swichi mbili chini ya kila kibonye. Na sauti itoke pale mwali wa chini unapokatwa, maana huo ndio ngozi. Wa juu unapiga chabo tu.

Tahadhari ya macho, hasa kwa walimu: leza za bei nafuu mara nyingi zina nguvu kuliko ilivyoandikwa kwenye kibandiko. Zielekeze chini, ziwe ndani ya fremu ya mbao, na kichwa cha mtoto kisiweze kuingia. Kila kihisi kitie ndani ya kipande cha bomba jeusi. Jua la Meru, mji ulio karibu kabisa na ikweta, likiingia dirishani litakufanya udhani ala imekufa.

Kwenye barabara hiyo moja kuna Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Chuka, na karibu na mji wa Meru kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Vyote vina vijana wa kompyuta. Wapiga ngoma nao wapo barabara hiyo hiyo, wakiitwa kutumbuiza wageni kisha wakirudishwa nyumbani. Ningependa mpiga ngoma aitwe maabara kama mkaguzi wa programu, na alipwe kama mkaguzi. Sikio lake linakamata kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa nne atalitafuta wiki nzima kwenye skrini.

Mjomba bado ana lalamiko moja: mwanga haurudishi mkono. Ngozi iliyowambwa vizuri inakurushia mkono juu, na nusu ya kasi ya mpigaji inatoka hapo. Jumamosi nitawamba mpira wa tyubu ya lori chini ya miali, nimpelekee tena.