"Askari wa mwili" walikuwa wapi?

Katika warsha ya walimu wa Kiswahili mjini Thika, si mbali na mto Chania, mwalimu mmoja alinijia wakati wa chai na swali lililonikosesha jibu. Mama yake mzazi anaugua saratani, na vitabu tunavyosomeshea hudai kwamba seli nyeupe za damu ni askari wa mwili. "Sasa mama anauliza, Daktari, askari wake walikuwa wapi? Anajilaumu kwamba aliishi vibaya, wakalala."

Mimi ni daktari wa isimu, si wa tiba. Hata hivyo, sitiari ni mali ya taaluma yangu, na hii imeanza kuwadhuru watu.

Ushahidi dhidi yake umekuwapo Afrika Mashariki siku nyingi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Kipande cha uvimbe huo kikitazamwa kwa hadubini (ambayo wengi wetu tungali twaiita darubini, chombo cha kutazamia nyota) hufanana na anga ya usiku: weusi wa seli za saratani, na madoa meupe yametapakaa humo. Nyota hizo ni makrofaji, seli za kinga. Je, zinapigana? La hasha! Aghalabu zinakula mizoga ya seli za uvimbe zilizojifia, ilhali uvimbe wenyewe unazidi kukua. Na ule weusi? Ni limfosaiti B, seli za kinga vilevile, zilizogeuka kuwa saratani. Askari ndiye mhalifu.

Leo wataalamu wana macho makali zaidi. Huweza kutia alama protini makumi kadhaa katika kipande kimoja cha uvimbe, wakaona seli ipi ni jirani ya ipi. Mwaka 2006 Jérôme Galon wa Ufaransa na wenzake walionyesha kwamba, katika saratani ya utumbo mpana, aina, wingi na mahali zilipo seli T hutabiri hatima ya mgonjwa vyema kuliko vipimo vilivyozoeleka. Kuna uvimbe ambamo seli hizo zimekwama ukingoni. Kuna ambamo zimeingia zikachoka. Baadhi ya makrofaji hata huusaidia uvimbe kuotesha mishipa ya damu.

Wala mambo haya hayako ng'ambo tu. Katika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kabla hujafika Ruiru ukitoka Nairobi, mna mtambo wa PET, unaofuatilia sukari yenye mnururisho mwilini. Saratani hula sukari kwa pupa, ikang'aa pichani. Lakini seli za kinga zinazokabili kifua kikuu nazo hung'aa vivyo hivyo. Mgonjwa aliyeambiwa "panang'aa" bado hajaambiwa ana nini.

Walimu wenzangu watasema mtoto hawezi kufunzwa bila mfano. Nakubali. Basi tumpe mfano wa mtaa: mna wakazi wachapa kazi, mna waliofungiwa nje ya lango, mna waliokula njama na wezi. Na jina lao liwe seli za kinga.

Nilimwandikia mwalimu yule hivyo. Nilimwambia kwamba huenda seli za mama zilikuwapo tangu mwanzo, zimezuiwa mlangoni, na hilo si kosa lake mama. Bado hajanijibu.