"Jambo Bwana" ni wimbo wenye mwenyewe

Msomaji mpenzi, leo nina chemshabongo yako na ya watoto wako kabla hamjainuka kwenye chai. Ni nani aliyeutunga wimbo wa "Jambo Bwana"? Najua kila mmoja mezani anaweza kuuimba mwanzo hadi mwisho, hata yule mdogo anayejifunza kuhesabu. Lakini nikiuliza mtunzi, wengi hunyamaza, na wengine hujibu kwa yakini kuwa ni wimbo wa jadi, ulioimbwa na mababu tangu enzi za majahazi.

Haukuimbwa na mababu. Ulitolewa katika santuri mwaka 1982, na waliouimba ni Them Mushrooms, bendi iliyozaliwa Mombasa. Mtunzi ni Teddy Kalanda Harrison. Jina hilo liandike mahali, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Them Mushrooms ilikuwa bendi ya nyumba moja. Ukiondoa rafiki wachache, waliobaki ni ndugu wa damu: Teddy Kalanda, Billy Sarro, George Ziro, Dennis Kalume na John Katana. Ukiyasikia majina kama Kalume na Katana, huhitaji kuambiwa kuwa hawa ni watoto wa Kimijikenda. Jina la Them Mushrooms walilitwaa mwaka 1972, na miaka mingi baadaye wakajiita kwa Kiswahili, Uyoga. Kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1987, riziki yao ilikuwa hapa Pwani, wakiwapigia muziki wageni katika hoteli za ufuoni.

Wewe uliyekuwa barobaro wakati huo utakumbuka mji ulivyokuwa ukisikika. Vijana walipenda roki na rege kutoka ng'ambo, na mwenye redio ya kaseti alikuwa mfalme wa mtaa. Ukiingia Mji wa Kale, mambo yalikuwa mengine. Huko ilikuwa ni kanda za taarabu: sauti ya Juma Bhalo, udi wa Zein l'Abdin, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh. Pale Pigott Place, Mbwana Radio Service ilikuwa ikitoa kanda hizo, na wenye harusi waliziulizia. Kila jambo lilikuwa na mahali pake: taarabu harusini, gita la umeme hotelini.

Lakini ukuta huo haukuwa mrefu kama ulivyodhaniwa. Them Mushrooms hawakuwa wakiiga Wazungu tu. Walichukua chakacha, ile ngoma ya harusini ambayo wanawake wa Uswahilini huicheza wenyewe kwa wenyewe, leso zimefungwa kiunoni, msondo na chapuo zikiwajibu, wakaipeleka kwenye gita na besi. Bendi nyingine ya mji huu, Mombasa Roots, nayo ikafuata njia hiyo hiyo na kutupa "Disco Chakacha". Kwa hiyo mapigo yaliyotoka katika nyua za Mji wa Kale yalikuwa yakimchezesha mgeni kutoka Ujerumani ambaye hakujua hata Ndia Kuu iko wapi.

Sasa tuje kwenye lawama, kwa sababu wimbo huu umelaumiwa sana, na waliolaumu hawakuwa wajinga. Mzee wa barazani akisikia "jambo" peke yake hutikisa kichwa. Mswahili husema "hujambo", naye mwenziwe hujibu "sijambo". Maana yake ni kuulizana kama kuna jambo lililokupata, na kujibu kwamba halipo. Wakiwa wengi ni "hamjambo" na "hatujambo". Asubuhi utasikia "sabalkheri", na jioni "masalkheri". Ukimtupia mtu "jambo" tupu, kwa hesabu ya sarufi umemtakia balaa! Vivyo hivyo na "matata". Neno ni letu, lakini anayetaka kukutoa wasiwasi katika mitaa ya Kibokoni atakuambia "si neno" au "hapana taabu". Ndipo wengine wakahukumu kuwa huu ni wimbo wa watalii, haufai kupigwa nyumbani kwa watu wenye lugha yao.

Mimi nawaomba wazee wangu tusikilizane kidogo. Mtunzi hakuwa akiwafundisha watu wa Mvita kuamkuana. Alikuwa akiimba kwa Kiswahili kile ambacho mgeni huokota katika wiki yake ya kwanza, akamkusanyia ndani ya wimbo mmoja: salamu, kujuliana hali, kukaribishwa, na kuondolewa hofu. Ukitazama kwa makini, huo ni mpangilio wa adabu ya mwenyeji wa Pwani. Mgeni akibisha hodi hatuanzi kwa kumuuliza shida yake. Kwanza salamu, kisha hali, kisha karibu ndani, na hatimaye umtulize ajione yuko kwao. Maneno yamerahisishwa, lakini adabu imebaki nzima. Tena kurahisisha namna hiyo si kazi rahisi. Jaribu wewe kutunga wimbo ambao Mjapani, Mwitaliano na mtoto wa chekechea wataushika siku moja na kuukumbuka maisha yao yote.

Matokeo yake mnayajua. Santuri ile iliuzwa zaidi ya nakala 200,000, idadi ambayo wanamuziki wengi wa nchi hii hawajaiota. Wageni waliibeba kwenye mikoba yao kama wanavyobeba vinyago. Mwaka 1983 kundi la Boney M, lililokuwa na makao yake Ujerumani, likauimba kwa jina la "Jambo – Hakuna Matata". Safari Sound Band wakaurekodi. Mombasa Roots wakaurekodi. Khadja Nin wa Burundi naye akautia sauti yake. Kila aliyeuchukua aligeuza neno hapa na pale, au akaubadilisha jina. Na hapo ndipo mtunzi alipoanza kufifia.

Hebu fikiri, msomaji. Wimbo usiopendwa hubaki na jina la mtunzi wake, kwa kuwa hakuna anayeutaka. Ukipendwa sana, kila mtu huuona wake. Mpishi wa hoteli huuimba akileta keki ya siku ya kuzaliwa, wanasarakasi huuimba, walimu wa kwaya huufundisha, na hakuna anayeuliza. Mwisho watu husema ni wimbo wa jadi, na wimbo wa jadi haudaiwi na mtu.

Hii si mara ya kwanza kwetu. "Malaika" nao ulizunguka dunia. Miriam Makeba aliuimba, na Boney M hao hao wakautoa mwaka 1981. Fadhili William, mwana wa Taita, ndiye aliyejulikana nao zaidi, lakini ubishi wa nani hasa aliyeutunga umeendelea hadi wenye kudai wameondoka duniani. Tulichelewa kuandika jina, tukabaki na mabishano. Na si nyimbo tu. Baada ya filamu ya "The Lion King" ya mwaka 1994, kampuni ya Disney ilisajili "Hakuna Matata" nchini Marekani kuwa alama yake ya biashara kwenye mavazi, na usajili huo ukakamilika mwaka 2003. Waswahili wengi walikuja kushtuka mwaka 2018, malalamiko yalipoenea. Mali bila daftari huliwa na mwenye daftari.

Habari njema ni kwamba kwa "Jambo Bwana" daftari lipo. Mtunzi anajulikana, bendi inajulikana, mwaka unajulikana. Sheria ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote, na baada ya kufa huwalinda warithi wake kwa miaka 50. Kwa hiyo hoteli inayoupigia wageni, tangazo linaloukopa na bendi inayourekodi upya, wote wanatumia mali ya mtu. Kuuimba bafuni hakuna deni. Kuuza kwa wimbo huo ni jambo jingine.

Wewe na mimi si mahakimu, lakini tuna la kufanya. Kwanza, tafuta ule wa Them Mushrooms wenyewe, uuweke nyumbani, na uusikilize bila kelele za chakula. Usikie jinsi bendi ya ndugu inavyopiga bila haraka, kama watu waliokaa kibarazani upepo wa jioni ukivuma. Pili, wanafunzi mnaotafuta mada ya insha au mradi wa muziki, andikeni juu ya ndugu hawa watano badala ya kunakili maisha ya nyota wa ng'ambo. Tatu, siku mgeni wako atakapouimba kwa furaha, mwimbie pamoja, kisha mwambie kwa upole nani aliyeutunga na alitoka mji gani.

Na ninyi wazee wangu wa barazani, endeleeni kusahihisha "jambo" iwe "hujambo". Nitawaunga mkono. Lakini mkimaliza kusahihisha sarufi, msahihisheni pia yule anayesema wimbo hauna mwenyewe. Kosa hilo ndilo kubwa zaidi, kwa maana sarufi mbovu haimnyimi mtu haki yake.

Haya, rudini kwenye chai kabla haijapoa, na jibu la chemshabongo mnalo. Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.